Besiboli ya Mikono Mitupu, Granville

Niliondoka Campbelltown Jumamosi ile kwa sababu mbili. Ya kwanza, nilikuwa nimealikwa. Jirani yangu Len, mzee mstaafu niliyekuwa nikimnunulia maziwa na mkate wakati wa lockdown ya korona, aliniambia kwamba yeye na wenzake watacheza besiboli ya kizamani, kwa sheria za enzi za mababu wa mababu zao, na kwamba hataki kusikia kisingizio cha zamu hospitalini.

Ya pili ilikuwa Mama Odette. Huyu ni rafiki yangu Mrundi anayeishi Fairfield na kutunza wazee kwenye nyumba moja ya huko. Mama yake alifariki katika kambi ya wakimbizi Kigoma wakati mipaka yote imefungwa. Alitazama maziko kwenye simu, kesho yake akaenda kazini, na tangu hapo hakurudi kwenye kwaya. Masharti yalipolegezwa, watu wa upande wetu wa magharibi mwa jiji walimiminika kwa vinyozi na madukani kama waliotoka jela. Yeye alibaki ndani.

Nilimpigia simu Ijumaa jioni.

"Sikuombi ucheze, mama. Nakuomba ukae tu kwenye nyasi."

"Watu watakuwa wengi?"

"Wengi kidogo."

"Wengi kidogo ndiyo wangapi, dada Nekesa?"

Nikamwambia treni yangu itapita kwao saa nne asubuhi, na kwamba nitakaa behewa la kwanza.

Glenfield nilibadilisha treni. Nilikaa penye kibandiko cha kijani kilichoonyesha pa kukaa mbali na wengine, kama tulivyoagizwa, barakoa imenibana masikio, nikitazama mijakaranda ikipita dirishani na maua yake ya zambarau. Baada ya miezi ya kutovuka kilomita tano kutoka nyumbani, hata maghala ya Liverpool niliyaona mazuri.

Fairfield, milango ilifunguka na sikumwona. Nikainuka, nikachungulia. Kengele ya kufunga ilikuwa imeanza kulia alipotokea akikimbia, kitenge amekishika kwa mkono mmoja, mkono wa pili sufuria iliyofungwa kwa kitambaa.

"Ndizi na maharage," alisema akihema. "Siwezi kwenda kwa watu mikono mitupu."

Granville tulishuka tukafuata harufu ya kuku wa makaa, tukapita gereji na maduka ya mikate ya Walebanoni, hadi kwenye uwanja wa nyasi. Getini tulipiga picha kwa simu msimbo wa QR uliobandikwa, ili serikali ijue tulikuwepo. Ndani tulikuta watu wazima, wanaume kwa wanawake, wamevaa mashati mazito ya sufu katika joto lile. Timu moja nyekundu, nyingine ya buluu. Katikati yao alisimama Len, amevaa koti jeusi refu na kofia ndefu kama bomba la moshi. Yeye ndiye aliyekuwa mwamuzi.

"Karibuni!" alipaaza sauti. Neno hilo nilimfundisha mimi, tukizungumza kupitia uzio.

Alitueleza mchezo. Mrushaji hurusha mpira mkono ukipita chini ya kiuno, taratibu, pale anapotaka mpigaji. Mpigaji akiupiga kwa gongo, hukimbia kuzunguka vituo vinne arudi alipoanzia, na hiyo ni alama moja. Ukiudaka mpira hewani, au hata ukiwa umedunda mara moja tu, mpigaji ametoka. Na hakuna aliyevaa glavu.

Kisha akakuna kidevu. Mchezaji mmoja wa buluu alikuwa amejifungia nyumbani akisubiri majibu ya kipimo. Je, mmoja wetu angeweza kusaidia?

Nilionyesha magoti yangu yanayoniuma. Mama Odette alikuwa akiutazama mpira.

"Wanadaka na mikono hivi hivi?" aliniuliza.

"Hivi hivi."

Akanikabidhi mkoba wake. "Basi hii ni ndugu ya rede. Nimecheza rede kambini miaka yote."

Kwetu Kenya rede, mchezo ule wa kukwepa au kudaka mpira unaorushiwa, tunaiita kati, na mimi nilikuwa wa kwanza kutolewa kila siku. Nikakaa na sufuria.

Walimweka mbali, mahali mipira haifiki sana. Wa kwanza kumfikia ulimpita chini ya kitenge ukaenda hadi uzioni. Wa pili aliudaka hewani. Ulilia pa! Akakung'uta viganja na kupiga kelele, "Yezu wangu!" Kuanzia hapo kila aliyedaka, mwekundu kwa mwenzake wa buluu, alipiga kelele "Yezu wangu!" kwa lafudhi mbaya ajabu, na kila mara Mama Odette aliinama akicheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kina sauti nene kiasi kile.

Mwishoni buluu waliongoza kwa alama moja. Wekundu walibakiwa na mpigaji mmoja, na wenzake wawili walikuwa vituoni wakingoja kukimbia. Jamaa mwenye ndevu akaupiga mpira juu sana kuelekea kwenye mkaratusi. Mama Odette alikimbia, viatu vikamtoka, akatoweka kivulini, kisha akainuka ameushika kwa ncha za vidole. Buluu wakaruka kwa furaha.

Lakini Len alivua kofia. Jua lilikuwa limempiga machoni, hakuona. Kwa sheria zile za zamani, mwamuzi asiyeona humuuliza mchezaji mwenyewe. Akatembea hadi pale, nami nikamfuata.

"Umedunda mara ngapi, mama?" niliuliza kwa niaba yake.

Aliwatazama wenzake waliokuwa bado wameinua mikono.

"Two," alisema. Kisha akanigeukia. "Imedunda mara mbili, dada. Ile ya kwanza ilikuwa kidogo sana, ni mimi peke yangu nimeiona."

Wale wawili wa vituoni walikuwa wameshamaliza mzunguko. Wekundu wameshinda. Basi yule mwenye ndevu akamjia, akampa kiwiko badala ya mkono, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile, na timu zote mbili zikamshangilia mara tatu, kofia zikirushwa juu. Ndizi na maharage havikudumu.

Alasiri, kwenye treni ya kurudi, alikuwa akivipuliza vidole vyake vilivyovimba.

"Marehemu mama alikuwa mkali wa rede," alisema ghafla. "Lakini alikuwa anadanganya!"

"Acha!"

"Kila siku! Ukimpiga, anasema mpira umegusa kitenge, haukugusa mwili. Tulikuwa tunagombana mpaka uji unaungua."

Miezi yote nilikuwa nimempa pole, naye alinijibu asante na kukata simu. Siku ile sikumwuliza neno juu ya msiba. Nilimpeleka tu mahali pa kukimbia na kupiga kelele. Nilichojifunza ni hicho tu, na tangu hapo nimekitumia kwa wengine.

Treni ilisimama Fairfield. Milango ikafunguka, ikajifunga, naye hajainuka.

"Mama Odette, umepita kwako."

"Najua," alisema. "Ngoja kwanza nikusimulie siku ya harusi ya mama."