Chujio Nililolishindilia Katani

Kutaka kusifiwa ndilo kosa lililoniumbua. Katika kijiji chetu cha Ujamaa, karibu na Mtinko, mashine ya kusaga huendeshwa kwa gesi ya mkaa, nami ndiye niliyebuni chujio la kuzuia majivu yasiingie kwenye injini. Juzi nililishindilia katani kupita kiasi, ili mjane ninayemwaza kimya kimya miaka yote ya ujane wake aikute injini safi atakapokuja kusaga. Gesi ikakosa njia, injini ikagoma. Nikafungua kifuniko huku feni ya kuchochea mkaa ikipuliza, masizi yakanijaa usoni.

"Mwalimu, ndivyo ulivyojipamba kwenda kuposa?" akina mama waliokuja kusaga wakaangua kicheko. Kumbe wote walijua!

Mmoja hakucheka. Alinipangusa macho kwa kanga yake, polepole, nami nikatamani masizi yasiishe. Ndiye yule mjane mwenyewe, Salome.