Mikunjo ya Bi Zuhura

Jamani, kosa langu ni kuchoshwa! Kila Idi Bi Zuhura huja studioni kwangu, Mji wa Kale, apigwe picha pamoja na bintiye Salma, tangu Salma akiwa wa kubebwa. Na kila mwaka hunirejeshea picha: “Mwanangu, mikunjo hii umeitoa wapi?” Kana kwamba naiuza mimi!

Mwaka huu nikasema liwalo na liwe. Nikashika penseli, nikaisugua filamu kabla ya kuichapa, mpaka mikunjo ikafutika, na kidevu cha pili pia. Salma, na miwani yake na uchovu wa saumu, sikumgusa. Bi Zuhura akafurahi, akaituma picha mtaa wa Tudor, kwa watu waliokuwa wakimtafutia kijana wao mke.

Juzi wakaja kwa Bi Zuhura kuposa, wanawake peke yao, nami mwanamke mwenzao nikaitwa niwapige picha. Shangazi wa kijana akaitoa ile picha mkobani, akaweka kidole juu ya Bi Zuhura.

“Mashaallah, bibi harusi wetu ndiye huyu. Na mama mtu,” akagusa ile miwani pichani, “hajambo?”

Salma akatua sinia ya kahawa.

“Mama mtu sijambo,” akajibu, akinikazia macho mimi. “Bibi harusi yuaja.”

Pazia likafunuka. Bi Zuhura akatoka jikoni na sambusa zake, na mikunjo yake yote usoni.