Bosi amenituma nikakague vitunguu vya baba yangu

Admin, naomba jina langu lisionekane, kazi hii ndiyo pekee niliyo nayo. Mimi ni binti wa miaka ishirini na minne, nina diploma ya kilimo, na ni karani kwenye ghala la mazao hapa Mlowo. Bosi wangu ni mfanyabiashara wa Tunduma. Hununua vitunguu wakati wa mavuno, huvitandaza kwenye vichanja ghalani, bei ikipanda anavivusha kwenda Zambia.

Baba yangu analima vitunguu vya kumwagilia upande wa Ndalambo. Wakati wa kusia mbegu nilimshauri achukue ile nyekundu, ambayo vitunguu vyake ni vya wastani lakini vinakaa ghalani miezi bila kuoza. Akachukua ya vitunguu vikubwa vyenye maji mengi, eti Wazambia wanavipenda. Sikubishana naye. Halafu vilipoanza kuvimba, wakati wa kuacha mbolea, akarudia urea. Nilimpigia simu, akacheka. "Mama, wewe umesoma, lakini vitunguu vyangu havijaenda shule. Vinataka kula."

Sasa kwa majirani majani yameshalala na watu wanavuna. Shamba la baba bado limesimama, kijani kibichi, na wapita njia wanamsifia. Mimi nilipofika Jumamosi nilishika shingo za vile vitunguu. Ni nene, laini, kama kidole gumba. Shingo ya namna hiyo haikauki ikajifunga. Ukiviweka ghalani vinaoza kuanzia ndani, na vinaozesha vya pembeni.

Shida ni kwamba nilikwenda kwa kutumwa. Bosi anajua kabisa shamba ni la baba. Nilimwomba atume mtu mwingine, akasema, "Nimtume nani? Madalali wote hawa wananila. Nenda wewe, ukirudi niambie neno moja tu, vinakaa au havikai. Vikiwa vinakaa nachukua shamba zima."

Baba naye alinisindikiza hadi barabarani, amenibebea mkoba. Nilimsihi auze vibichi kwa wanaovusha kila siku.

"Bei ya vibichi naijua, hairudishi hata dizeli ya pampu. Mwambie vinakaa, basi. Kwani wewe ni mwanangu au mtoto wa huyo bosi wako?"

Alikuwa anatabasamu. Mimi nilishindwa kutabasamu.

Jamani, nimechoka. Nikisema vinakaa, vitaozea mikononi mwangu, kwa sababu funguo za ghala ninashika mimi, na anayechambua vilivyooza ni mimi. Nikisema havikai, baba aliyeinamia mfereji kiangazi chote mpaka mgongo ukagoma atajua kwamba aliyemkosesha mnunuzi ni binti aliyemsomesha mwenyewe. Hakuna aliyenitukana wala kunitisha. Wote wawili wananiamini, na hapo ndipo ninapoogopa zaidi.

Leo asubuhi bosi kaniuliza, "Binti, vipi vya mzee?" Nikadanganya kwamba nilipatwa na homa, sikuvikagua vizuri. Akanipa pole, akasema basi nimjibu kesho, na kama bado naumwa niende hospitali kwanza.

Ninyi ambao mmewahi kusimama katikati ya mzazi na mkate wenu, nisaidieni. Anataka neno moja tu. Kesho nimwambie lipi?