Mama wa Langoni na Jicho la Koko

Televisheni yetu ya kwanza ilikuwa na harufu yake. Ikishawaka kwa muda, vumbi la Kitengela lililojikusanya mgongoni mwake lilianza kuungua polepole, na sebule nzima ikanuka kama njia ya ng'ombe saa saba mchana. Mwaka ule Koko alipokuja kukaa kwetu, harufu hiyo ilichanganyika na moshi wa kibuyu chake cha maziwa, ambacho Mama alikisugua ndani kwa kijinga cha moto kama walivyofanya kwao Kimuka. Koko ni nyanya kwa Kimaasai, na huyu alikuwa mamake Mama. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Tangu siku hizo nimeona filamu nyingi, lakini sijapata kuona filamu iliyotazamwa kwa bidii kama ile.

Nasema ile kwa sababu tulikuwa na moja tu. Baba, aliyefanya kazi katika kiwanda cha saruji, alinunua televisheni na mashine ya video kutoka kwa mwenzake aliyekuwa akihama, na tulipoijaribu mashine tukakuta kanda imesahauliwa tumboni mwake. Ilikuwa filamu ya Kihindi ya zamani sana, ya rangi nyeusi na nyeupe. Jina lake hatukulijua, maana karatasi ya juu ilikuwa imebanduka, na Kihindi chenyewe hatukujua hata cha kuombea maji. Kwa hiyo kila mtu alijitafsiria. Kwa kadiri tulivyoelewa, mjane mmoja alimlea mwanawe kwa kufulia watu nguo, mwana akaenda mjini, akapata gari na kofia, akamsahau mamake. Mwishoni kabisa anarudi kwa miguu, kofia hana, anasimama nje ya lango. Mjane anatoka. Uso wake unajaa kioo chote, muziki unanyamaza, halafu maandishi yanaanza kupanda. Maoni yangu wakati huo yalikuwa kwamba nyimbo zimezidi, na kwamba mtu mwenye akili timamu hazunguki mti akiimba wakati mamake analala njaa. Bado sijayabadilisha.

Koko aliletwa kwa ajili ya macho. La kushoto lilikuwa limekwisha zamani, na la kulia lilikuwa limefunikwa na ule ukungu mweupe uitwao mtoto wa jicho, hata akawa haoni ila mwanga na vivuli. Huko Kimuka alikuwa ameshika sufuria iliyotoka motoni akidhani ni kibuyu. Daktari wa macho aliyekuwa akija Kajiado alisema jicho hilo moja linaweza kuokolewa kwa upasuaji, lakini tusichelewe, kwani likiachwa litafuata lenzake. Koko akakataa. Mama alimsihi, mchungaji wa kanisa letu akaja akaomba, akanywa chai, akaondoka, na Koko akabaki palepale. Jicho si mbuzi, alisema, halichunwi. Mama alikuwa akienda jikoni kulia akisingizia vitunguu, na hata mimi nilijua kwamba siku nyingine nyumbani hamkuwa na kitunguu hata kimoja.

Halafu kulikuwa na suala la heshima. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakai wakitazamana, hawali pamoja, wala hawaitani kwa majina. Baba alikuwa amempa Koko mtamba siku za posa, na tangu hapo waliitana Pakiteng, yaani mtu niliyepeana naye ng'ombe. Kimuka heshima hiyo ilikuwa nyepesi kuitunza kwa sababu nyumba zilikuwa kadhaa na uwanja mpana. Kitengela tulikuwa na sebule moja. Mama akachukua pazia la kijani akalitundika darini, likaigawa sebule kwa urefu: yeye na Koko upande wa dirisha, Baba upande wa mlango, na televisheni mbele yao wote, pale pazia lilipoishia. Waswahili husema macho hayana pazia, lakini ya kwetu yalikuwa nalo. Mimi nilikaa chini kwenye ncha ya lile pazia, na ni mimi peke yangu niliyeweza kuwaona wote wawili.

Kazi yangu ilikuwa kumweleza Koko yaliyokuwa yakipita kwenye kioo. Alisikiliza kichwa kimeinama, mikono juu ya fimbo yake, na hakukosa maoni. Ng'ombe akilia mle ndani, alisema ng'ombe huyo ana njaa na mwenyewe ni mvivu. Mjane akiimba, Koko alivumisha wimbo ule kooni, taratibu, na upande wa pili Baba aligonga goti lake kwa kidole, mapigo yaleyale, wasijue kwamba wako pamoja. Mimi nilikuwa nikiwatazama wao kuliko filamu. Nilistaajabu jinsi watu wawili ambao hawakuthubutu kutazamana walivyoweza kuvuta pumzi kwa pamoja, mmoja huku na mwingine kule, mwana alipompita mamake sokoni akijifanya hamjui. Nikiruka jambo, Baba hakumwambia Koko, aliniambia mimi. Koko akitaka kumuuliza Baba, aliniuliza mimi. Maneno yao yote yalipitia kwangu kama maji kwenye mfereji, na nilijiona mtu mkubwa sana.

Tulikosana kwenye mwisho. Jioni moja, uso wa yule mama ulipojaa kioo, Koko aliuliza kama amemsamehe mwanawe. Nikajibu bila kufikiri kwamba amekataa, ameshika komeo la lango, hataki kufungua. Baba akakohoa nyuma ya pazia.

"Ambia Koko amemsamehe," akasema. "Mkono umetoka kwa komeo. Si uko na macho?"

Nikasema haukutoka. Akasema umetoka. Tukarudisha kanda, tukatazama tena, na kila mmoja akaona kile alichokuwa amekiona mwanzo. Mama, mwenye maoni ya tatu, alisema chai inapoa. Ubishi ulipopamba moto, Koko akainua fimbo yake kidogo, tukanyamaza wote.

"Nyumba moja," akasema kwa Kimaasai, bila haraka, "watu wawili wenye macho mazuri, na hakuna anayejua mkono uko wapi. Nipelekeni Kajiado."

Tulidhani ni mzaha. Asubuhi tulimkuta amekaa karibu na mlango, shuka imefungwa vizuri begani, anamuuliza Mama kwa nini tunalala kama watu wasio na mifugo. Mama na Koko wakapanda basi la barabara ya Namanga, na Baba akafuata na basi la nyuma, kwa heshima. Mimi niliachwa kwa jirani, na sijawahi kuomba Mungu kama nilivyoomba siku ile. Koko alikuwa ametoa jicho lake la mwisho kwa sababu ya filamu isiyokuwa na jina. Nilijua kwamba kisu kikiteleza, giza lake litakuwa la milele, na kwamba hakuna wimbo wala maelezo yangu yatakayoweza kuliondoa. Waliporudi, Koko akiwa amefungwa bandeji, nilimwinamishia kichwa anisalimu, kama watoto wa kwetu wafanyavyo kwa wazee, akaniwekea mkono kama kawaida yake. Siku bandeji ilipofunguliwa, alimtazama Mama kwa muda mrefu, kisha akamwambia kwamba amekonda na ana mvi. Mama alicheka huku akilia, na safari hii hakusingizia kitu.

Daktari alikuwa amesema apumzishe jicho, kwa hiyo ilipita zaidi ya wiki kabla Mama hajaruhusu televisheni iwashwe. Jioni hiyo Baba alirudi mapema na kuoga. Koko alitaka filamu tangu mwanzo, na alikuwa mtazamaji mkali. Mwana wa mjane, ambaye sisi tulimsifu, Koko alimwona mfupi na mwenye kitambi. Katika watu wote wa filamu ile, jambazi ndiye aliyempendeza. Ng'ombe alipotokea, mnene kweli kweli, nilimkumbusha kwamba alisema ana njaa, akanijibu kwamba leo ameshiba. Kisha lango likaja, na mwana bila kofia, na uso wa yule mama. Koko akasogea mbele mpaka mwanga wa televisheni ukaanguka juu ya uso wake, na hapo mbele yangu zikawa nyuso mbili za akina mama wazee, moja kwenye kioo na moja nje yake, zinatazamana. Akaniambia nirudishe. Nikarudisha. Akatazama tena, kisha akageukia pazia na kufanya jambo ambalo sikuwahi kuliona: alimsemesha Baba mwenyewe, si kwa kupitia kwangu.

"Pakiteng," akasema, "mkono uko juu ya komeo, lakini haujashika. Huyu mama hajaamua bado. Nyinyi wawili mnamharakisha."

Nyuma ya pazia Baba, mtu mzima, msimamizi wa watu kiwandani, aliinamisha kichwa kama mtoto anayesubiri kusalimiwa. "Ndiyo, Pakiteng," akasema. Nami nikatazama kioo, na kweli, mkono ulikuwa pale, umelala tu juu ya chuma.

Koko aliishi na jicho lile miaka mingi, akahesabu nalo mbuzi wake Kimuka, mpaka alipotutoka. Mimi bado nakaa Kitengela. Sebule yangu haina pazia, na mume wangu na Mama hukaa kochi moja wakitaniana, jambo ambalo lingemshangaza Koko, ingawa nadhani lingemchekesha pia. Televisheni ni pana kama mlango na filamu ni nyingi kuliko siku za kuzitazama, nasi huziacha nusu, kila mmoja ameinamia simu yake. Majuzi mwanangu mkubwa aliniambia niimbie simu yake ule wimbo wa mjane. Nikaimba, nikijionea haya, na kabla sijamaliza, simu ilikuwa imeutambua wimbo na kuipata filamu, na tafsiri imeandikwa chini. Tukaitazama pamoja. Niseme ukweli, si filamu kubwa: milima ni ya kitambaa na machozi ni mengi mno. Mwanangu alitaka kuiruka mpaka mwisho, nikamkataza. Lango lilipokuja, sikuwa tena mtoto wa ncha ya pazia; nimelea, nimekosewa, nimewahi kusimama kwenye lango langu mwenyewe. Nilidhani safari hii nitajua. Uso ule ukajaa kioo, tafsiri ikakoma kwa kuwa hakuna aliyesema neno, nami nikasogea mbele.

"Sasa, Mum," mwanangu akauliza, kidole tayari juu ya filamu nyingine, "alimsamehe ama hakumsamehe?"

Nikamwambia angoje, bado namtazama.