Mkunga Aliyekalia Mikono

Mkunga aliyekimbia vita ng'ambo ya Ruvuma alikuwa na vidole virefu kama vya kima na sauti ya kufukuzia ndege shambani. Akida alimkataza kushika mzazi yeyote pale Bigwa mpaka Mjerumani wa bomani atoe ruhusa. Basi akawa anakalia mikono yake, anazalisha kwa mdomo na matusi.

Uchungu ulipomshika Mwaisha, mke wa akida, mkunga alikaa hivyo hivyo. Mwaisha akatamani kumng'ata.

"Mshike! Nimekuruhusu!" akida alilia mlangoni.

"Leo tu?"

"Siku zote!"

"Majirani hawajasikia, Bwana Akida."

Akida akapiga kelele mpaka mbuzi wakakata kamba. Mkunga akachomoa mikono, akanawa taratibu. "Haya mwanangu, sukuma. Serikali imekubali."