Siku Niliyoingia kwa Salum Bila Hodi

Niahidini kwanza hamtacheka, maana aibu hii ningekwenda nayo kaburini kimyakimya kama nusu ya mtaa wetu wa Mtoni isingeiona kwa macho.

Nilikuwa nimerudi kutoka Nairobi, saratani imetolewa kooni na sauti imekwenda nayo, nimebaki na tundu shingoni nalifunika kwa leso na kupumulia papo hapo. Daktari aliniambia, "Kazi yetu imekwisha, nenda nyumbani ukaishi." (Kuishi vipi, hakusema, na mie niliyekuwa nikibishana hata na walimu kule chuoni Kampala, sikuwa na sauti ya kumwuliza.) Majirani walikuja, wakatoa pole, wakaondoka upesi. Salum, rafiki yangu tangu utoto, hakuja kabisa. Alasiri moja nikaona heri nimfuate mwenyewe, nijue kama bado nina rafiki au nimebakiwa na mama tu.

Mlango wake ulikuwa wazi. Kugonga ningeweza, lakini kwetu anayegonga bila kusema neno ni askari wa kodi, na kupiga makofi niliona haya. Basi nikajiambia, hodi yenyewe ya nini mlango ukiwa wazi? Nikapita ukumbini mpaka uani, na huko namkuta mkewe, Mwantumu, nywele timtim, khanga kiunoni tu, anajimwagia maji.

"Mwizi! Jamani, mwizi!"

Nikafungua mdomo niseme ni mie, shemeji, ukatoka mluzi shingoni, akazidi kupiga kelele, nikarudi kinyumenyume nikaangukia chungu cha mchuzi, leso ikadondoka, na majirani hao wamejaa, michi mikononi.

"Kumbe msomi wetu!" akasema bibi mmoja. "Kusoma kote huko, anaingia uani kwa watu kama mbuzi!"

Wakacheka mpaka walipoliona tundu.

Salum, aliyekuja mbio aliposikia kelele, akanivuta ukumbini kwa hasira. "Kwa nini hukupiga hodi, we..." Akaketi mkekani.

"Mie nimefika kwenu zaidi ya mara moja," akasema, haniangalii. "Nasimama mlangoni, narudi. Naona nikipiga hodi, hutaweza kuniitikia."

Nilimshika mkono tu, mchuzi ukimchafua kanzu, na hakuutoa.

Tangu hapo siingii kwa mtu kimya. Nasimama barabarani napiga makofi kama mwendawazimu, watoto wananicheka, mpaka mtu atoke.