Tairi za Kwenda kwa Mama

Jirani yangu wa chumba cha mbele amefariki dunia. Ilikuwa Jumanne mchana, katika karakana ya ushonaji kule Doornfontein, hapa hapa Johannesburg, akiwa ameketi mbele ya cherehani yake. Wenzake walidhani amelaza kichwa apumzike kidogo, maana umeme ulikuwa umekatika kama ilivyo desturi ya mji huu, na mafundi wote walikuwa wamekaa tu wakiungoja. Uliporudi, kila cherehani ikaanza kulia isipokuwa yake. Mimi niliambiwa jioni, kwa simu, na mzee wa kanisa lake. Nilikuwa jikoni nimeshika kikombe cha pili mkononi, kwa sababu kwa miaka kadhaa sasa chai yangu ya jioni imekuwa ya watu wawili. Nikakirudisha kikombe kabatini, kisha nikakaa kwenye kiti na kulia bila aibu.

Yeye alikuwa Mkongomani wa Katanga, mimi ni Mkenya wa Taita. Nyumba yetu hapa Bellevue ni moja ya zile za zamani zilizokatwakatwa vyumba, kila chumba na watu wake na mapishi yake. Watoto waliozaliwa humu wanakielewa Kiswahili, lakini ukiwasalimia wanakujibu kwa Kizulu au kwa Kiingereza, na hata hilo jibu wanalitupa wakipita mbio. Mtu wa kukaa naye barazani nikaongea lugha yangu mpaka nikachoka alikuwa huyu mmoja tu. Aliniita yaya, jina wanalompa ndugu mkubwa kwa heshima, ingawa naamini tulilingana umri na alikuwa akinizeesha makusudi. Tangu aondoke, Kiswahili changu nakizungumza na sufuria, na sufuria hazina maneno mengi.

Wasomaji wangu wa siku nyingi huenda wanakumbuka niliwahi kumlalamikia hapa jirani aliyezishonea tairi nguo. Ndiye huyo. Mwaka 2015 alinunua gari kuukuu, na muda si mrefu akaleta tairi nne za matope, zile zenye meno makubwa kama ya trekta, akazipanga barazani mbili mbili. Mwenye nyumba aliziona akafoka kwamba nyumba yake si gereji. Jirani yangu hakubishana. Alikwenda kazini, akarudi na mabaki ya kitambaa cha zambarau kilichobaki kwenye sare za kwaya, akazishonea kila moja mfuko wake, na pindo juu, na kamba ya kukazia. Mwenye nyumba alipopita tena akadhani ni viti vya wageni, akakalia kimoja na kukisifu. Nasi tukawa tunanywea chai juu yake kila jioni.

Sasa mtu atauliza, tairi za matope Johannesburg za nini, mji ambao lami yake inafika mpaka ndani ya makaburi? Zilikuwa za kwenda kwa mama. Mama yake anaishi mbali kaskazini ya Lubumbashi, mahali ambapo barabara ya lami inakoma na ya udongo inaanza. Kiangazi gari lolote linapita. Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja, njia ile inakuwa uji, na gari lenye tairi za kawaida linazama hapo likae mpaka watu wamelisahau. Balaa ni kwamba karakana hufungwa mara moja tu kwa mwaka, Desemba, mji mzima unapokwenda likizo, na Desemba ndiyo kilele cha mvua za kwao. Kiangazi cha huko kikija, huku ni baridi, makoti yanashonwa usiku na mchana, hakuna anayepewa ruhusa. Basi kila mwaka swali likawa lile lile: afunge tairi za matope Desemba hii aende, au asubiri labda Julai atapata nafasi, asizihitaji kabisa?

Mimi sina gari, wala leseni, lakini nilifanywa hakimu wa kesi hii. Alikuwa akisema, "Yaya, nikizifunga huku, zitaisha meno kwenye lami kabla sijayaona matope." Ninamwambia, basi zibebe juu ya gari uzifunge Lubumbashi. "Na mizigo ya mama niiweke wapi?" Punguza mizigo. "Yaya!" anasema, kama mtu aliyetukanwa. Desemba moja alikata shauri, akazifunga. Akarudi nazo kutoka kwa fundi, mlio wake ukisikika tangu kona ya pili, uso wake unang'aa. Alasiri ikanyesha ile mvua yetu ya mawe, naye akashuka mjini kutafuta blanketi la zawadi. Tairi za matope hazipendi lami iliyolowa. Kwenye robot, yaani taa za barabarani, akakanyaga breki, gari likaendelea kuteleza polepole mpaka likapanda ukingo wa barabara mbele ya madereva wa teksi. "Eish, baba, hii ni boti?" wakamuuliza. Hakuumia, wala gari halikuumia. Lakini jioni hiyo hiyo alizitoa, akazivisha zambarau zake, akaniambia kwamba mwaka ujao ataondoka mapema, kabla ya mvua.

Siku hiyo nilikasirika kwa niaba ya mwanamke nisiyemjua. Nikamwambia, wewe bwana, liache gari Lubumbashi, panda pikipiki, kesho uko kwa mama yako. "Nifike kwa mama juu ya pikipiki, kama muuza samaki?" Akanieleza, kwa upole wa mtu anayemfundisha mgeni, kwamba kwao aliyetoka Joni, yaani huku Johannesburg, hashukii njiani. Anafika na motokari mpaka mlangoni, anapiga honi, mama anatoka na kitambaa kipya kichwani, anapandishwa mbele, anazungushwa mtaa mzima, ili wale waliosema mtoto wake alipotea waone. Kuna jamaa yao mmoja alirudi kwa basi na begi mgongoni. Mpaka leo watoto wanamwigiza anavyotembea. Nilitaka kucheka, nikakumbuka kwamba na mimi nyumbani Taita sijafika miaka mingi, kwa sababu nilisema sitakwenda mpaka nyumba ninayoijenga iezekwe. Nikanywa chai yangu.

Kila Jumapili baada ya ibada alimpigia mama yake, simu ikiwa imefunguliwa sauti, imewekwa juu ya tairi. Mama alisalimia, akaniulizia na mimi, kisha akauliza swali lake, "Motokari imevaa viatu?" Naye anacheka, "Bado, mama. Karibu." Hapo wataongea tairi mpaka salio liishe: bei yake, meno yake, fundi anasemaje, mvua imefika wapi. Nilikuwa nikimshangaa yule mama, mwanamke wa shamba, kujua mambo ya magari kiasi kile.

Tulimzika hapa hapa. Kanisa lilichanga, lakini kumsafirisha kulitushinda. Mdogo wake wa kike aliye Lubumbashi ndiye aliyekwenda kumpelekea mama habari, kwani kwao habari kama hiyo haipelekwi kwa simu. Akakodi pikipiki penye mwisho wa lami, mvua ikimpiga, akafika siku hiyo hiyo. Nasi huku tukakubaliana, mzee wa kanisa na mimi, kwamba gari la marehemu, mzee akiendesha, limpelekee mama cherehani na nguo za mwanawe, mpaka mlangoni, kama alivyotaka mwenyewe. Tukazibeba tairi kwa fundi. Akavua mifuko ya zambarau, akaipapasa pindo na kuuliza nani kashona vizuri hivi. Kisha akabonyeza ubavu wa tairi kwa kidole gumba, na nyufa zikafunguka pande zote, nyembamba, nyingi. Akabonyeza ya pili, ya tatu, ya nne. "Hizi sifungi," akasema. "Mpira unazeeka hata ukikaa. Mtakufa njiani." Meno ya tairi yalikuwa bado makali kama siku zilipoletwa. Nilizirudisha barazani, na jioni hiyo sikuweza kuzikalia.

Ikanibidi mimi nimpigie mama, Jumapili, saa ile ile ya mwanawe. Nilikuwa nimejipanga kumwomba radhi. Nikampa pole, tukalia pamoja, halafu nikamweleza kwamba cherehani itakuja, ila gari halitafika mlangoni, tairi zimeharibika, tutaliacha lami inapoishia na kupanda pikipiki. "Mwanangu," akasema kwa Kiswahili cha kwao, "batu banafika hapa na pikipiki kila siku, mvula ao jua. Mi sikuombaka motokari. Yeye njo alipenda kusema ya motokari. Nami nikamuuliza ya motokari, ili aendelee kusema." Hakulalamika. Alisema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Kisha akauliza, "Mutafika siku gani?"

Nilimgeukia mzee wa kanisa aliyeketi kando yangu, akafikiri kidogo, akanijibu. "Jumapili ijayo, mama," nikasema. Nikamsikia akiiacha simu na kumwambia mtu aliye karibu naye, sauti imepanda kidogo, "Banafika Jumapili!" Na yule mtu akasema, "Jumapili?" Naye akarudia, "Jumapili."

Tangu hapo sina raha. Nimezipitia kichwani Jumapili zote zile za barazani, chai, vicheko, mvua, meno ya tairi, na sikumbuki hata moja ambayo jirani yangu alimtajia mama yake siku. Hakuwa mtu mbaya, wala mvivu, wala hakumsahau. Alimpenda mama yake kiasi cha kutaka kumfikia kwa honi. Tuko wengi namna hii katika mji huu, tunaoshona, tunaolinda milango ya watu, tunaofundisha, tunaoketi maofisini na tai shingoni. Tumejiwekea sharti la namna ya kurudi, na sharti linatushinda mwaka hadi mwaka, huku anayetungoja hakuliweka yeye wala hana habari nalo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, tuliambiwa tukiwa wadogo, nasi tukadhani ni matumbo ya anayengoja peke yake.

Basi, ndugu msomaji, kama kuna mtu anakungoja mahali, acha kumsimulia maandalizi. Mtajie siku. Mimi nimempigia dada yangu Taita, nikamwambia nikitoka Kongo ninaunganisha huko huko kwa basi, begi mgongoni, na watoto waniigize wakitaka. Akauliza kama nyumba imeezekwa. Nikamwambia haijaezekwa, nitalala kwake, aniwekee mkeka.